Nani Amemwua Mhusika? Vifo, Mafumbo na Hukumu ya Hadhira katika Mwisho wa Tamthilia za Kiswahili

1.0 Utangulizi



Tamthilia ya mfululizo inapokaribia kipindi chake cha mwisho, watazamaji wake huanza kudai. Hudai waelezwe kwa nini mhusika waliyempenda ameuawa, na kwa nini mwingine, ambaye kwa maoni yao alikwisha kustahili kufa zamani, bado anatembea. Hudai pia majibu ya maswali waliyowekewa tangu mwanzo: mtoto huyu ni wa nani, barua ile iliandikwa na nani, yule aliyetoweka yuko wapi. Madai hayo hutolewa kijiweni, ndani ya daladala, kwenye kibanda umiza na sebuleni baada ya chakula cha jioni. Kwa kawaida sisi wahakiki huyapita tukiyaita maneno ya mashabiki, kisha tukarudi maktabani kutafuta uhakiki.

Katika mhadhara huu nitatetea hoja kwamba mabishano hayo ni uhakiki, kwamba yana misingi inayotokana na sanaa yetu ya masimulizi, na kwamba yanaweza kutusaidia kutofautisha mambo ambayo nadharia zetu huyachanganya. Nitapendekeza tofauti mbili. Ya kwanza ni baina ya kifo cha hukumu na kifo cha msiba. Ya pili ni baina ya fumbo na pengo. Mifano yangu itatoka katika masimulizi ya kusini, riwaya, redio, jukwaa na runinga, kwa sababu hadhira inayobishana ni moja, hata kama chombo kinachoileta hadithi kinabadilika.

Mtwara ni mahali panapofaa kwa mjadala huu. Huu ni mji wa bandari yenye kina kirefu, iliyojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, na ambayo leo inafahamika zaidi kwa korosho. Ni mji wa mabaharia, wachukuzi na madereva wa malori. Aidha, ni mji uliochelewa kufikiwa na mambo mengi. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri wa kutoka Dar es Salaam kwa barabara alilazimika kuvuka Rufiji kwa kivuko, na masika yalipokolea barabara yenyewe ilikuwa haipitiki. Lakini sauti ya redio haikuhitaji kivuko. Nitalirudia jambo hili hapo mbele.

2.0 Mapatano baina ya Fanani na Hadhira

Tuanze na usimulizi wa mdomo. Mtaalamu wa Kijerumani, Uta Reuster-Jahn, katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu masimulizi ya Wamwera wa kusini-mashariki mwa Tanzania, ameonyesha kwamba ngano ya Kimwera husimuliwa na watu wawili. Yupo msimulizi, na yupo mwitikiaji anayemjibu hatua kwa hatua, akikubali, akiuliza na kuusukuma mkasa mbele. Wengine husikiliza, huimba na hucheka. Kwa hiyo mwitikiaji ni sehemu ya utungaji. Akinyamaza, ngano inachechemea.

Jambo hili lina uzito mkubwa katika suala la mwisho wa hadithi. Pale ambapo hadithi imejengwa kwa kuitikiana, mwisho nao hufikiwa kwa kukubaliana. Msimulizi hawezi kusimama ghafla, zimwi likiwa bado hai na watoto wakiwa bado tumboni mwake, kisha akaenda kulala. Mwitikiaji atamuuliza: na wale watoto? Swali hilo ni la haki, kwa kuwa aliyeuliza alishiriki kuwaweka watoto wale hatarini.

Ngano za zimwi zimeifundisha hadhira kanuni mbili kuhusu kifo. Kwanza, kifo cha mwovu ni cha mwisho: zimwi likipasuliwa halirudi. Pili, kifo cha asiye na hatia kinaweza kutenguliwa: zimwi likipasuliwa, waliomezwa hutoka wakiwa hai, aghalabu pamoja na ng'ombe na kuku wao. Kifo katika ngano ni mizani. Msikilizaji aliyekua na mizani hiyo haiachi mlangoni anapoingia kwenye kibanda cha video.

3.0 "Steringi Hafi"

Watazamaji wa filamu nchini Tanzania wana msamiati wao wa uhakiki, na neno lake kuu ni steringi. Steringi ni mhusika mkuu, lakini ni zaidi ya hapo: ni yule ambaye hadhira imemkabidhi matumaini yake. Kutokana na neno hilo imezaliwa kanuni inayojulikana na kila mtoto aliyewahi kukaa kwenye benchi la kibanda umiza: steringi hafi. Risasi zitamkosa, gari litapinduka atoke, atapigwa mpaka azimie kisha atazinduka. Ikitokea amekufa, watu wawili hubishana papo hapo. Mmoja husema filamu ni mbovu. Mwingine husema: basi huyo hakuwa steringi, hamkumtambua steringi tangu mwanzo.

Jibu la mtu wa pili linastahili kutafakariwa. Anailinda kanuni kwa kurudi nyuma na kuusoma upya mkasa mzima: nani hasa alikuwa kiini cha hadithi? Hili ndilo swali ambalo mwalimu wa fasihi huwapa wanafunzi wake katika mtihani.

Kudai mhusika asife si ugonjwa wa hadhira yetu peke yake. Mwaka 1893 mwandishi wa Uingereza, Arthur Conan Doyle, alimwua mpelelezi wake Sherlock Holmes kwa kuwa alikuwa amemchoka. Wasomaji walilalamika kwa miaka, na ilipofika mwaka 1903 Holmes akarudishwa duniani kwa maelezo kwamba hakuwa amekufa. Baadaye Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alimuumba Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko anayefanana na Holmes kwa mengi. Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960, iliwazoesha wasomaji wa Kiswahili mapatano mengine: siri iliyofungwa mwanzoni lazima ifunguliwe mwishoni, na afunguaye lazima aonyeshe ufunguo ulikuwa wapi.

Aliyeivunja kanuni ya steringi kwa makusudi ni Euphrase Kezilahabi. Katika Rosa Mistika (1971) Rosa anajiua. Katika Kichwamaji (1974) Kazimoto anajiua. Katika Dunia Uwanja wa Fujo (1975) Tumaini ananyongwa. Wasomaji wa riwaya hizi wamebishana kwa zaidi ya nusu karne, darasani na nje ya darasa, kama vifo hivyo vilikuwa vya lazima. Je, Rosa aliuawa na malezi ya baba yake, na wanaume waliomtumia, na jamii iliyompima kwa bikira yake, au na mwandishi aliyehitaji mwisho wa kushtua? Anayeuliza hivyo anauliza nani amemwua mhusika. Swali hilo linaonekana la kitoto mpaka tujaribu kulijibu.

4.0 Kifo cha Mkwaju

Sasa niingie katika mfano wangu mkuu, ambao ni wa redio. Nimeuchagua kwa sababu ya kihistoria. Mwaka 1993 Tanzania Bara haikuwa na kituo cha runinga. ITV ilianza kurusha matangazo mwaka 1994, na runinga ya taifa, TVT, mwaka 2000. Kwa mkazi wa Mtwara wa miaka ile, tamthilia ya mfululizo iliyosikilizwa na mtaa mzima kwa saa moja ilikuwa ya redio.

Mwaka 1993 Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kurusha Twende na Wakati. Mchezo huo ulilenga kufundisha uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI. Uliandikwa kwa mbinu iliyobuniwa Mexico katika miaka ya 1970 na Miguel Sabido, ambaye aliwagawa wahusika katika makundi matatu: mwema wa kuigwa, mbaya wa kuepukwa, na yule aliye katikati, anayeyumba kabla ya kuchagua njia. Katika mbinu hiyo mbaya sharti aadhibiwe na mwema sharti atuzwe, ili msikilizaji ajifunze kwa kuona matokeo. Watafiti, akiwemo Everett Rogers, walipima athari za mchezo huo kwa kulinganisha maeneo uliosikika na eneo la Dodoma, ambako haukurushwa kati ya mwaka 1993 na 1995. Walieleza kuwa mchezo ulichangia kubadili mienendo ya wasikilizaji.

Mhusika mbaya aliitwa Mkwaju. Alikuwa dereva wa lori mwenye wanawake katika vituo vya safari yake, na mke wake Tunu alibaki nyumbani. Jina la Mkwaju lilitoka redioni likaingia mitaani. Likawa neno la kukanya: mtu aliambiwa asiwe Mkwaju. Hatimaye Mkwaju aliugua UKIMWI akafa, ilhali Tunu, aliyeanza akiwa mke mnyonge, alijifunza kujitegemea kwa biashara ndogo.

Kwa mizani ya ngano, kila kitu kiko sawa. Zimwi limepasuliwa, aliyemezwa ametoka. Kwa mizani ya mbinu ya Sabido pia kila kitu kiko sawa, kwani mbaya ameadhibiwa. Hiki ndicho ninachokiita kifo cha hukumu: kifo ambacho mtunzi anakitoa kama malipo, na swali analolitarajia kutoka kwa hadhira ni moja tu, alistahili au hakustahili?

Lakini tuwakumbuke waliosikiliza. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Mpango wa taifa wa kutoa dawa za kufubaza virusi ulianza mwaka 2004. Katika miaka iliyokuwa katikati, maradhi haya yalikuwa ndani ya nyumba zilezile zenye redio. Yaani kuna watu waliosikia kifo cha Mkwaju chumba cha pili kikiwa na mgonjwa. Msikilizaji wa namna hiyo hakuwa na nafasi ya kuketi kama hakimu. Kwake kilikuwa kifo cha msiba, na swali la msiba ni tofauti na la hukumu. Msibani hatuulizi kama marehemu alistahili. Tunauliza ameacha nani.

Hapo ndipo mabishano yanapoanza kuwa na maana. Anayesema "amevuna alichopanda" anasimama upande wa mtunzi. Anayemjibu "je, kila aliyezikwa kwa maradhi hayo alikuwa Mkwaju?" ameona hatari ambayo mbinu yenyewe haikuipa nafasi: kwamba hadithi inayomwadhibu mwovu kwa maradhi inaweza kumfanya kila mwenye maradhi aonekane mwovu. Na anayeuliza habari za Tunu, ambaye hakupanda chochote, anauliza kama mizani ya ngano inatosha kupimia ugonjwa ambao mume aliuleta nyumbani. Katika mji wa bandari kuna msikilizaji wa nne, naye ni dereva mwenyewe, aliyeegesha lori akingoja zamu ya kushusha magunia ya korosho. Yeye anaweza kuuliza kwa nini kazi yake ndiyo iliyochaguliwa kubeba kifo hicho.

Wote wanne wamesikia mchezo mmoja. Hakuna hata mmoja aliyekosea kuuelewa. Tofauti yao ni kwamba mtunzi alitoa hukumu na baadhi yao wakapokea msiba. Hivyo basi, kipimo ninachokipendekeza ni hiki: kifo cha mhusika kina uzito wa kisanaa kinapowabadilisha waliobaki hai ndani ya hadithi. Kifo kinachomwondoa tu mtu njiani, hata kiwe cha haki kiasi gani, hadhira itakidai maelezo. Kwa kipimo hiki, ukuaji wa Tunu ndio unaokipa kifo cha Mkwaju maana kuliko adhabu yenyewe.

5.0 Fumbo na Pengo

Niligusie sasa dai la pili la hadhira, yaani majibu. Si kila swali lisilojibiwa ni kosa la mtunzi, na si kila swali lisilojibiwa ni ufundi. Ninatumia neno fumbo kwa swali ambalo hadithi imeliacha wazi huku ikiwa imetupa vifaa vya kulifikiria. Ninatumia neno pengo kwa swali lililobaki wazi kwa sababu zilizo nje ya hadithi: fedha zilikwisha, mwigizaji alifariki, au mtengenezaji alitaka kuuza kanda nyingine. Filamu nyingi za Kitanzania za miaka ya 2000 ziliuzwa zikiwa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na mtazamaji aliyefika mwisho wa sehemu ya kwanza akiwa na maswali alielewa kwamba jibu lilikuwa dukani.

Mfano bora wa fumbo tunao hapa kusini. Ebrahim Hussein, mwandishi mzaliwa wa pwani ya kusini, alichapisha tamthilia ya Kinjeketile mwaka 1969. Msingi wake ni vita vya Majimaji vya mwaka 1905 hadi 1907, ambavyo vilifika Liwale, Nyangao na Masasi. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani mwezi Agosti 1905, vita vikiwa vimeanza tu. Kwa hiyo kifo chake si siri. Hadhira inaingia ukumbini ikikijua. Siri iko kwingine. Je, Hongo alisema naye kweli? Katika tamthilia, Kinjeketile mwenyewe anaanza kulitilia shaka neno alilolileta. Lakini mwishoni, akiwa mikononi mwa Wajerumani na akitakiwa atamke kwamba maji yalikuwa uongo, anakataa. Hatuambiwi kama anakataa kwa kuwa anaamini, au kwa kuwa ameona kwamba neno likishatoka halimilikiwi tena na aliyelisema.

Tunaweza kubishana usiku kucha, na kila upande utapata ushahidi ndani ya matini. Hiyo ndiyo alama ya fumbo. Lingejibiwa, tamthilia ingepungua. Nani kati yetu angetaka Kinjeketile atoke jukwaani akiwa ametueleza ukweli wote?

Utamaduni wa Ruvuma una somo jingine juu ya jambo hili. Katika ngoma ya mapiko ya Wamakonde, wa ng'ambo zote mbili za mto, mchezaji hufunika kichwa kwa kinyago, na wasiopitia jando hawatakiwi kutaja ni nani aliye ndani. Mtu anaweza kuutambua mwendo wa jirani yake akanyamaza. Siri hiyo haidumu kwa sababu haijulikani. Inadumu kwa sababu watu wamekubaliana kutoisema, na ngoma inaishi ndani ya makubaliano hayo. Hadhira iliyolelewa na mapiko inaelewa kwamba kuna maswali ambayo heshima yake ni kubaki wazi. Lakini inajua pia tofauti kati ya kinyago na mtu aliyesahau kuvaa.

Runinga ya leo imeleta mjadala huu kwa kasi mpya. Tamthilia ya Kitanzania ya Siri ya Mtungi, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 2012 na kumfuata mpigapicha kijana aitwaye Cheche, ilichukua jina lake katika methali isemayo kwamba siri ya mtungi aijuaye kata. Jina hilo ni ahadi: kata itachota, siri itatoka. Tamthilia za nje zilizoingizwa sauti za Kiswahili zimezidisha idadi ya watu wanaosubiri majibu usiku mmoja. Huko Marekani, tamthilia ya The Sopranos ilikatika ghafla tarehe 10 Juni 2007, mhusika mkuu akiwa mezani na familia yake, na kioo kikawa cheusi. Watazamaji wengine walidhani umeme au mtambo umeharibika. Bado wanabishana kama mtu yule alikufa. Miaka mitatu baadaye tamthilia ya Lost, iliyokuwa imerundika siri za kisiwa kwa misimu sita, ilimalizika kwa kufafanua hali ya wahusika baada ya kufa na kuacha siri nyingi za kisiwa zilivyokuwa. Wapo waliolia kwa kuridhika na wapo waliosema wamedhulumiwa.

Mhakiki ataamuaje? Kipimo ni kurudi nyuma, kama yule mtu wa kibanda umiza anayemtafuta steringi wa kweli. Tukivitazama tena vipindi vya mwanzo tukijua mwisho, je, swali linakua au linasinyaa? Fumbo hukua kwa kurudiwa: kila tendo la Kinjeketile huwa zito zaidi ukijua kwamba atakataa. Pengo husinyaa, kwa kuwa tunagundua kwamba aliyeuliza hakuwa na jibu, wala hakuwa amekusudia kutuachia tulitafute.

6.0 Hitimisho

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimejaribu kuonyesha kwamba mtazamaji anayedai kujua nani amemwua mhusika anaendeleza kazi ya mwitikiaji wa Kimwera. Ameshiriki kuijenga hadithi kwa kuisubiri, kuikumbuka na kuieleza kwa jirani aliyepitwa. Kwa hiyo ana haki ya kuuliza habari za watoto walio tumboni mwa zimwi.

Kwa wanafunzi wa fasihi ninatoa rai mbili. Ya kwanza ni ya ukusanyaji. Tumehifadhi ngano na methali kwa bidii, lakini mabishano yanayozifuata hadithi yanapotea usiku uleule yanapozaliwa. Atakayekaa kwenye vijiwe vya Mtwara, Mikindani na Msimbati akayaandika kama yanavyosemwa, kwa maneno ya wenyewe, atakuwa amekusanya uhakiki wa Kiswahili ambao hakuna maktaba iliyo nao. Ya pili ni ya msamiati. Steringi, hukumu, msiba, fumbo na pengo ni maneno ambayo hadhira inayaelewa bila mkalimani. Tuyape nafasi katika nadharia kabla ya kuazima mengine.

Kwa watunzi, hasa wale wanaotumia tamthilia kufundisha afya, kilimo au haki, ninasema neno moja. Mnapomwua mhusika ili kutoa funzo, kumbukeni kwamba mnaingia katika nyumba ambazo huenda zina msiba wa kweli. Hadhira itawauliza ameacha nani, na mchezo usio na jibu la swali hilo haujamaliza kazi yake.